Zana za bure kwa mwalimu wa darasani: anza na kazi inayokukesha

Mtandaoni orodha za zana za kufundishia hazina mwisho: zana 50 za lazima, zana 100 za mwalimu wa kisasa. Nilipoanza nilizisoma nyingi, nikafungua akaunti kumi na mbili ndani ya wiki moja. Muhula ulipoisha nilikuwa bado nasahihisha kwa kalamu nyekundu hadi usiku wa manane, na nywila za zile akaunti nimezisahau zote. Kosa halikuwa la zana. Nilizikusanya kama dawa kabla sijajua naumwa nini.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye maumivu, ndipo uje kwenye dawa. Huna haja ya kufuata hatua zote. Ukitekeleza mbili muhula huu, umefanya kazi kubwa.

Hatua ya 1: Ijue kazi inayokula muda wako

Chukua karatasi moja. Kwa siku tano za kazi andika kila unachofanya nje ya kipindi pamoja na dakika zake: kusahihisha madaftari, kuandaa somo, kujumlisha alama, kuwajibu wazazi, kutafuta faili uliyoihifadhi usijue wapi. Andika papo hapo, usisubiri jioni ukumbuke, maana vidakika kumi kumi ndivyo vinavyosahaulika na ndivyo vinavyomaliza siku. Ijumaa jumlisha. Kazi iliyoongoza ndiyo utakayoitafutia zana, hiyo moja tu.

Nyuma ya karatasi hiyohiyo andika hali halisi ya darasa: wanafunzi wangapi wanaweza kushika simu au kompyuta kwa wakati mmoja, intaneti ikoje ndani ya chumba chenyewe (si ofisini), na bando analipa nani. Kama wanafunzi wana vifaa, endelea na hatua ya 3. Kama mwenye simu ni wewe peke yako, ruka hadi ya 4. Kama intaneti ni ya kubahatisha, ya 6 ndiyo yako.

Hatua ya 2: Uliza hiyo "bure" ni ya aina gani

Kuna bure ya kweli: LibreOffice (programu za ofisi, kama Word na Excel), na Kiwix, Kolibri na PhET ambazo nazieleza kwenye hatua ya 6. Nyuma yake kuna taasisi isiyo ya faida au chuo kikuu, na huhitaji kulipa ili uzitumie darasani. Kuna bure ya kipimo: Kahoot (mashindano ya maswali) na Padlet (ubao wa mtandaoni wa kubandika maoni) ni mfano, ambapo usipolipa unabanwa idadi ya washiriki au ya mbao hizo, na kipimo hicho kinaweza kubadilika wakati wowote. Hizo zitumie kuchangamsha kipindi, ila usijenge juu yake mpango wa mwaka mzima. Canva, zana ya kusanifu mabango na slaidi, iko katikati: toleo lake la elimu hutolewa bila malipo kwa walimu wa shule za msingi na sekondari wanaothibitisha kuwa ni walimu. Halafu kuna ile bure inayotaka namba ya kadi ya benki kwanza. Hiyo funga ukurasa, nenda zako.

Swali la pili ni muhimu kuliko la kwanza: kazi yangu nitaitoaje humu? Edmodo, darasa la mtandaoni la walimu na wanafunzi, ilikuwa na mamilioni ya watumiaji, ikafungwa Septemba 2022. Jamboard, ubao wa Google uliopendwa sana wakati wa masomo ya mtandaoni, ulizimwa mwishoni mwa 2024. Kabla hujaingiza swali la kwanza kwenye zana yoyote, tafuta kitufe cha kupakua kwa PDF au CSV (faili la jedwali linalofunguka kwenye Excel na nyinginezo). Usipokiona, tafuta zana nyingine.

Hatua ya 3: Jaribio linalojisahihisha

Kama karatasi yako ilisema kusahihisha, na ni wengi mnaosema hivyo, anza na Google Forms, huduma ya Google ya kutunga fomu na majaribio. Haina mapambo ya Kahoot wala muziki, na wanafunzi hawataipigia makofi. Lakini inasahihisha, inahifadhi, na haikuhesabii washiriki.

1. Ingia forms.google.com kwa akaunti yako ya Google, fungua fomu tupu, kisha kwenye mipangilio uigeuze iwe jaribio. Usipofanya hivyo, sehemu ya kuweka majibu sahihi na alama haitaonekana.

2. Swali la kwanza limtambulishe mwanafunzi, lakini usimwache aandike jina mwenyewe. Mara yangu ya kwanza niliacha nafasi wazi. Nikapata Hamisi watatu wasio na jina la baba, mmoja aliyejaza namba ya simu, na mwingine aliyejiita Simba wa Darasa. Jioni nzima ilikwisha nikimsaka Simba. Siku hizi naweka orodha ya kuchagua yenye namba za rejista. Kuna faida nyingine: kiungo kikisambaa nje ya darasa, majina ya watoto hayasambai nacho.

3. Andika maswali yasiyozidi kumi. Kwa kila swali la kuchagua, weka jibu sahihi na alama zake.

4. Kwenye majibu mafupi, orodhesha kila namna ya jibu unayoikubali: "12", "sm 12", "12 sm", "kumi na mbili". Mashine haina huruma ya mwalimu. Isipoona jibu kama ulivyoliandika, inakata.

5. Ongeza maelezo kwa jibu lisilo sahihi. Mwanafunzi akikosea atasoma sentensi yako au atafungua kiungo cha video ulichomwekea, akiwa bado anakumbuka kwa nini alijibu hivyo. Kwenye daftari angesubiri siku nne.

6. Washa uchanganyaji wa mpangilio wa maswali, ili anayechungulia kwa jirani akute swali jingine.

7. Zima sharti la jibu moja kwa kila mtu, kwa sababu linamlazimisha mwanafunzi aingie kwa akaunti ya Google. Kisha fungua kiungo mwenyewe kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambamo hujaingia kwa akaunti yoyote. Ukiombwa kuingia, wanafunzi nao wataombwa. Akaunti za kazini ndizo zenye tabia hii zaidi: mara nyingi hufungia fomu kwa watu wa taasisi hiyo pekee.

8. Sambaza kiungo, au kigeuze kuwa msimbo wa QR kupitia sehemu ya kushiriki ya Chrome, uubandike ukutani.

Sasa sehemu ambayo walimu wengi huiruka. Majibu yakishaingia, fungua muhtasari wake. Utaona wastani, alama ya katikati, na orodha ya maswali yaliyowashinda wengi. Usikimbilie kunakili alama. Angalia jibu lipi lisilo sahihi limechaguliwa sana, maana huko ndiko somo la kesho liliko.

Ili hilo liwezekane, majibu ya uongo lazima uyatunge kutokana na makosa unayoyajua. Swali ni 1/2 + 1/3. Jibu sahihi ni 5/6. Jibu la 2/5 uliweke kwa ajili ya anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini; 2/6 kwa ajili ya aliyepata asili sawa akasahau kubadilisha viasi; 1/6 kwa ajili ya aliyezidisha. Nusu ya darasa ikichagua 2/5, huhitaji kupitia madaftari 60 kujua cha kufundisha kesho asubuhi. Ukijaza majibu ya ovyo ovyo, kama 7/9 na 100, utapata alama tu, na alama peke yake haikuambii kitu.

Insha usizilete huku. Bado zinataka macho yako.

Hatua ya 4: Darasa lisilo na simu hata moja

Hapa zana niipendayo ni Plickers, na nashangaa kwa nini haivumi. Simu ni moja, yako. Kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi wa pembe nne unaofanana na msimbo wa QR. Kila upande una herufi ndogo A, B, C au D. Unauliza swali, anainua kadi jibu lake likiwa juu, wewe unapitisha kamera ya simu darasani, na majibu ya wote yanasomwa kwa sekunde chache. Jirani hawezi kuiga, kwa sababu michoro inatofautiana na herufi ni ndogo mno kusomeka kwa mbali.

Fungua akaunti kwenye plickers.com, pakua kadi, zichapishe. Seti ya kawaida ina kadi 40, na ipo nyingine yenye 63. Darasa likizidi hapo, wape kadi wawili wawili: watalazimika kubishana kwanza wakubaliane, na ubishi huo una faida zake. Bandika kadi kwenye boksi gumu zisikunjike. Usizifunike kwa plastiki inayong'aa, mwanga ukipiga kamera haisomi. Waelekeze wasizibe mchoro kwa vidole.

Maswali matano kwa kipindi yanatosha. Mimi napenda moja mwanzoni, kabla sijafundisha, na hilo hilo tena dakika tano kabla ya kengele.

Hatua ya 5: Acha kikokotoo, tumia jedwali

Google Sheets, Excel ya mtandaoni na LibreOffice Calc zote zinafaa. Mistari iwe wanafunzi, safu ziwe majaribio. Tuseme namba ya rejista iko safu A, jina B, na alama za majaribio manne kuanzia C hadi F, kwa wanafunzi 60 walioanzia mstari wa 2.

Kwenye G2 andika =AVERAGE(C2:F2), kisha buruta kona ya kisanduku hadi chini. Ya kuangalia: kisanduku kitupu hakihesabiwi kwenye wastani, lakini sifuri inahesabiwa. Aliyekuwa mgonjwa mwachie wazi, aliyefanya mtihani akakosa vyote mpe sifuri yake. Nimeona ripoti za shule ambamo mtoto aliyelazwa hospitali wiki mbili alionekana wa mwisho darasani kwa sababu tu mtu alimjazia sifuri.

Kwa nafasi, kwenye H2 andika =RANK(G2,$G$2:$G$61). Zile alama za dola zinazuia eneo lisisogee unapoburuta. Ukizisahau, wa chini kwenye orodha watapata nafasi nzuri za ajabu. Wawili wakifungana nafasi ya 3, anayefuata atakuwa wa 5, na ndivyo inavyopaswa. Kujua wangapi wako chini ya 40, andika =COUNTIF(G2:G61,"<40"). Programu ikikataa koma, weka nukta-mkato mahali pake. Inategemea lugha na nchi iliyowekwa kwenye mipangilio.

Onyo moja, na hili limewaliza wengi: ukitaka kupanga orodha kwa alama, chagua jedwali lote kwanza, safu zote. Ukichagua safu ya alama peke yake ukaipanga, majina yanabaki palepale na alama zinahama. Hakuna kitakachopiga kelele. Ctrl na Z mara moja, kabla hujahifadhi.

Hatua ya 6: Maktaba isiyotaka intaneti

Mwalimu anayepata intaneti nzuri mara moja kwa wiki anaweza kuwa na maktaba kubwa kuliko aliye nayo kutwa, akijua kupakua.

Kiwix ni programu ya bure, iliyoanzishwa 2007, inayosoma tovuti nzima zilizofungwa kwenye faili moja la aina ya ZIM. Sakinisha kwenye simu au kompyuta, fungua maktaba yake, chuja kwa lugha, pakua. Wikipedia ya Kiswahili inatoshea kwenye flashi ndogo. Ya Kiingereza nzima pamoja na picha inavuka gigabaiti 90, lakini kuna matoleo yasiyo na picha na mengine yaliyochambuliwa kwa mada, mepesi zaidi. Ukishapata faili, huna haja ya kulipakua tena kwa kila kompyuta, linakilike kwa flashi.

Hapo ndipo wengi hukwama: faili linazidi gigabaiti 4 na flashi inakataa ilhali nafasi tele ipo. Tatizo ni kuwa flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja kubwa kuliko hapo. Ifomati upya kwa exFAT. Hamisha kwanza vilivyomo, kwa kuwa kufomati kunafuta vyote.

Kolibri, ya taasisi ya Learning Equality, inakwenda mbali zaidi. Kompyuta moja inabeba video, mazoezi na vitabu, na vifaa vingine darasani vinaiunganikia kwa Wi-Fi ya ndani bila data. Inakuonyesha pia nani amefika wapi. Kuiweka kunataka jioni moja ya uvumilivu, tena ukiwa na mwenzako.

Kwa sayansi, PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia, ina majaribio ya kuigiza zaidi ya 100. Mengi unaweza kuyapakua kama faili moja la HTML na kulifungua kwa kivinjari bila mtandao. Anza na lile la kuunganisha saketi za umeme: wanafunzi wataunguza betri za bandia mpaka watosheke, na hakuna wa kulipa. Usianze kwa kueleza. Wape dakika tano wacheze, ndipo uulize nani ameweza kuwasha balbu mbili zenye mwanga sawa. Wa hisabati, kazi kama hiyo utaipata GeoGebra.

Hatua ya 7: Mbele ya projekta

Haya ni madogo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kupanua skrini badala ya kunakili. Darasa litaona slaidi, wewe utabaki na maandishi yako. Mimi nilijifunza siku jedwali la alama lilipotokea ukutani, na wa mwisho darasani alikuwa ameketi safu ya mbele. Tangu siku hiyo pia huzima arifa zote kabla sijachomeka waya.

Ndani ya PowerPoint, kitufe cha B kinaifanya skrini iwe nyeusi; ukibonyeza tena inarudi. Hakuna njia nyingine ya haraka kiasi hicho ya kurudisha macho ya darasa kwako. Ukiandika namba ya slaidi kisha Enter, unaruka moja kwa moja hadi hapo. Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza ukurasa wa kivinjari kwa ajili ya walio nyuma. Ctrl, Shift na T hufufua kichupo ulichokifunga kwa bahati mbaya.

Na moja ya Google Docs: mwishoni mwa kiungo cha hati, futa kuanzia neno edit, uandike copy. Kila atakayefungua ataombwa atengeneze nakala yake, na hati yako ya asili haitachezewa.

Hatua ya 8: Akili mnemba iwe msaidizi, kalamu ibaki kwako

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kuna walimu wanaoikimbia na wanaoikabidhi kila kitu. Mimi naitumia kwa rasimu tu. Inafaa kutunga maswali mengi ya mada moja kwa viwango tofauti, kurahisisha kifungu kigumu, na kupendekeza majibu ya uongo yanayotokana na makosa ya kawaida. Ukiiomba kijuujuu, itakujibu kijuujuu. Ombi lenye nyama ni kama hili:

"Nafundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kwa wanafunzi wa miaka 11. Tunga maswali sita ya kuchagua: mawili rahisi, mawili ya kati, mawili ya maisha ya kila siku. Kila jibu lisilo sahihi litokane na kosa linalojulikana, na ulitaje kosa hilo."

Kisha fanya maswali yote sita mwenyewe kwa kalamu. Hukosea hesabu kwa kujiamini kabisa, na hutunga vitabu visivyokuwepo. Majina ya wanafunzi, alama zao au habari za nyumbani kwao usiziandike humo kamwe.

Vipi mwanafunzi akikuletea insha usiyoamini ni yake? Usitegemee programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine. OpenAI yenyewe, waliotengeneza ChatGPT, waliondoa kigunduzi chao Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwite mezani, mwombe akueleze aya ya pili kwa maneno yake. Dakika mbili zitakutosha kujua.

Hatua ya 9: Funga mlango kabla ya likizo

Akaunti inayobeba alama za darasa iwe na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila kisha uthibitisho wa pili, kama msimbo kwenye simu yako. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, weka wasimamizi pekee waweze kutuma, la sivyo tangazo la mtihani litazikwa chini ya salamu. Kabla ya kuwaambia wanafunzi wafungue akaunti popote, soma sharti la umri, kwani huduma nyingi haziruhusu walio chini ya miaka 13. Zana ambazo mwanafunzi hahitaji akaunti, kama Plickers au fomu uliyoipanga kwa hatua ya 3, zinakuondolea tatizo hilo.

Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na barua pepe, picha na faili zote zinagawana hizo hizo. Mwisho wa muhula pakua majedwali ya alama na fomu zako, ama moja moja, ama zote kwa pamoja kupitia takeout.google.com. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta. Nyingine iweke kwenye flashi, na flashi hiyo isilale kwenye droo moja na kompyuta.